Sheria ya Wachonga Funguo

Kijiwe cha Kitasa na wenzake kilikuwa benchi moja refu lililoegemea ukuta wa stoo ya saruji, pale barabara ya benki inapokutana na kichochoro cha mafundi. Hatua tatu kutoka benchi ndipo ilipokuwa meza ya Kitasa, mchonga funguo: jiliwa la kubania chuma, tupa nne za kusugulia, na ubao uliojaa funguo ghafi. Miaka kumi na tisa alikaa hapo, na kwa tupa hizo alisomesha mabinti wawili mpaka wakaajiriwa. Jumatatu ile walimjia wakaguzi wawili wenye vitambulisho shingoni, wakamkabidhi karatasi. Kwa mujibu wa sheria mpya, mchonga funguo lazima awe na kampuni iliyosajiliwa, duka la kuta za kudumu, na mashine ya umeme iliyoidhinishwa. Alipewa siku thelathini. Kitasa aliikunja ile karatasi mpaka ikawa ndogo kama kiberiti, akaitia mfukoni, na tangu siku hiyo hata usingizi wake ulikuwa wa kuibia.

Alhamisi asubuhi ndipo alipoitoa karatasi mbele ya wenzake. Wa kwanza kuidaka alikuwa Wakili, ambaye hakuwahi kuwa wakili hata siku moja. Alikuwa tarishi wa mahakama, akastaafu na koti jeusi na sauti ya mahakimu.

— "Mashine iliyoidhinishwa." Imeidhinishwa na nani? Hapo ndipo penye mchezo.

— Mchezo gani tena? aliuliza Kitasa.

— Kuna mtu ana kontena zima la hizo mashine, limedoda. Kwanza ziliagizwa mashine, ndipo ikatungwa sheria. Mimi nimebeba mafaili, hizi mbinu nazijua.

— Wee Wakili, unaona karibu, alidakia Breki, fundi wa baiskeli na pikipiki, huku akijifuta grisi kwenye suruali. Hujaliona lile duka jipya kwenye jengo la vioo? Wanauza vitasa vya kadi. Unagusisha, mlango unafunguka. Sasa nani atanunua kadi wakati Kitasa anakuchongea ufunguo kabla kikombe chako hakijapoa? Lazima Kitasa aondoke kwanza!

Shangazi, mwenye birika la kahawa, alicheka kwa pua.

— Nyie wanaume mnatafuta mbali. Ni wenye nyumba hao. Wangu mimi juzi tu kaniuliza nina funguo ngapi za chumba. Ngapi! Wanataka wote tukachonge kwenye kampuni, halafu kampuni iwapelekee nakala kimyakimya.

— Afadhali mwenye nyumba, alisema Wakili, akashusha sauti. Kila ufunguo utapewa namba. Namba inaingia kwenye kompyuta. Siku wakikutaka, hawapigi hodi.

Kitasa alijaribu kucheka, kicheko kikamgomea. Ng'ambo ya barabara mwanamume mmoja alikuwa amesimama na gazeti mlangoni mwa benki. Mbona hafungui ukurasa wa pili?

— Sasa nimwage siri? alisema Breki. Wezi wenyewe ndio wameipigia debe hii sheria. Msicheke! Kampuni zikibaki mbili, vitasa navyo vitabaki aina mbili. Mwizi atatembea na funguo mbili tu mfukoni, anafungua mji mzima.

— Mungu wangu, alisema Shangazi, akasahau kikombe alichokuwa akimimina, kahawa ikamwagika kwenye sinia.

Kitasa alikuwa anamtazama Breki.

— Breki, wiki iliyopita uliniuliza kama hii sehemu yangu ina mwenyewe. Ulikuwa na maana gani?

— Nilitaka kusogeza pampu, kaka!

— Pampu, au ulitumwa?

— Nitumwe na nani mimi? Tumekaa benchi moja tangu binti zako wanavaa sare, leo unaniona mpelelezi?

Breki alisimama. Wakili akamshika mkono. Kabla hawajarushiana maneno zaidi, mwanamke mmoja wa miaka thelathini hivi alifika na bahasha kubwa kwapani.

— Shikamooni wazee wangu.

— Marahaba, waliitikia bila kumtazama.

Alikuwa amefuata ufunguo wa kabati la ofisini aliouacha asubuhi na mapema uchongewe nakala. Kitasa aliufuta vumbi la tupa, akampa. Mwanamke aliiona ile karatasi magotini kwa Wakili.

— Kumbe imeshawafikia. Mimi ni karani pale kwenye ukumbi ilikojadiliwa hii sheria. Siku ya wananchi kutoa maoni nilipanga viti sitini. Gari la matangazo lilipita mitaa yote hii siku tatu. Wakaja watu sita, wote wamevaa tai. Nyie mlikuwa wapi?

Wakili alianza kuikunja karatasi, akaikunjua. Shangazi alifunga na kufungua mfuniko wa birika.

Kitasa alikumbuka vizuri. Gari lile lilipita hapa hapa, kipaza sauti kikamkera mpaka akaacha kupiga tupa. Wakili alisema ni mtego wa kuorodhesha watu. Breki akasema anayekwenda atapigwa picha. Na yeye mwenyewe, Kitasa, siku ya ukumbi alikaa benchi hili hili akiwacheka wanaokwenda kujipeleka mtegoni.

Mwanamke aliaga, akaondoka zake.

Breki aliketi taratibu. Akakuna kidevu.

— Viti sitini, alisema. Sasa hiyo tenda ya viti alipewa nani?

— Ehee! alisema Wakili, akasogea karibu.

Lakini Kitasa alikuwa ameshainuka. Aliacha kikombe kikiwa nusu, akaiacha meza na tupa zake bila kumwambia mtu aziangalie, akavuka barabara mbio mbio kama kijana, pikipiki zikimpigia honi. Alimfikia yule karani kwenye kona ya benki, pumzi juu.

— Mwanangu, subiri kwanza. Hao sita, walisema nini? Na sisi je, bado tunaweza kusema?