Kazi ya Kuchuchumaa Nyuma ya Mtu

Haya niliambiwa na dada yangu Magdalene mwaka wa hamsini na tano, jioni aliporudi kwa treni kutoka Thika.

Mbele yake aliketi Wamboi, mama aliyekuwa akienda Ruiru kuwajibu wazee wa kijana aliyeposa binti yake. Kando ya Wamboi alikuwa Jeconia, mpishi wa klabu ya Wahindi. Hawakujuana. Dada yangu alijifanya anachambua maharagwe huku akimsikiliza Wamboi akimtajia mpishi jina la kijana.

“Bedan Muigai ndiye mkwe wako?” Jeconia akapiga makofi. “Amechaguliwa kwenda Uganda na timu ya kriketi! Akishika gongo, mpira unavuka miti.”

“Na asiposhika gongo?”

“Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, kimya. Huyo akikosea kidogo tu, anadaka mpira na kupiga kelele. Mzee wa koti jeupe anainua kidole, na yule mtu anatolewa.”

Wamboi akavuta kiondo chake karibu. Siku hizo za emajensi, Waingereza walipokuwa wakiwasaka Mau Mau, sote tulijua kidole cha mchongezi kikiinuliwa mtu huenda wapi: kizuizini.

“Na kwa kazi hiyo serikali imempa pasi ya kusafiri? Mimi nilinyimwa ya kwenda Limuru kumzika dada yangu.”

“Ni mchezo, mama!”

“Anayetolewa hupelekwa wapi, baba?”

“Kunywa chai.”

“Chai! Hata mume wangu, waliomchukua walisema wanamwita anywe chai.”

Treni ikasimama Ruiru, Wamboi akashuka bila kuaga.

“Sasa aliwapa binti au aliwanyima?” nikamwuliza Magdalene.

Alikuwa ameshalala, viatu miguuni.