Jina la Kwenye Keki

Mbele ya duka la mikate la Burrandool, mji mdogo wa wafugaji wa kondoo, pana benchi lenye wenyewe. Yupo Merv, mkata manyoya ya kondoo mstaafu. Yupo Mrefu, mfupi kuliko wote, na Profesa, aliyeacha shule darasa la sita. Wa nne, yule ambaye tangu goti la Merv lipasuliwe humwachia upande wenye kivuli bila kusema neno, alilazwa wiki tatu. Leo saa nne anarudi, na ndani ya duka Thuy, mfanyakazi mpya, anapamba keki ya kumpokea.

— Aandike "Karibu nyumbani, mate," alisema Profesa. Walilitamka meiti, neno la Kiingereza la "mwenzangu"; huku wanaume huitana hivyo.

— Jepesi mno, Merv alikataa. Hata polisi akinipiga faini namwita meiti.

— Jepesi? Lilitoka kwa mabaharia! Waliokula nyama sufuria moja.

— Mabaharia wapi! Wafungwa hao, walioletwa huku kwa meli, Mrefu akadakia. Wawili mnyororo mmoja. Mwenzako akienda chooni, nawe umeenda. Utamwitaje mtu kama huyo? Mheshimiwa?

— Acheni uongo, alisema Merv. Kondoo walianza. Sikiliza wakilia: meee-ti!

Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia suruali. Lakini moyoni hakutulia. Alitaka mtu yule akiiona keki ajue kwamba kweli walimngoja.

Thuy akatoka, mwezi wake wa kwanza dukani, mfuko wa krimu mkononi.

— Babu zangu, "Karibu nyumbani" nimeshaandika. Anaitwa nani?

Profesa akamtazama Mrefu. Mrefu akamtazama Merv. Merv akatazama viatu vyake.

— Miaka kumi na moja tumekaa naye hapa, alinong'ona. Mwaka wa kwanza ningeuliza. Baadaye nikaona aibu.

— Mimi nilijua wewe unajua! Mrefu akamwambia.

Gari likasimama ng'ambo ya barabara. Thuy hakuwacheka. Aliingia mbio, na alipotoka na keki, neno lile fupi walilolibishania lilikuwa limekaa katikati, bado bichi.

Mtu yule akaja polepole, amekonda. Akasoma. Akasoma tena, akajifuta macho kwa kofia.

— Mmenitoa machozi, wajinga nyie. Haya, Merv, sogea kivulini, jua kali.

Merv alikuwa ameshasimama juani, goti likimuuma.

— Leo kivuli ni chako, meiti.