Maili Nne kutoka Stesheni

Mwaka 1971, ndani ya treni ya Kigoma, niliketi mkabala na Bi Batuli, mshonaji wa Tabora, na binti yake Tufaha wa miaka kumi na minne. Bwana shamba wa kijiji kimoja cha ujamaa, aliyekaa kando yao, aliuliza waendako.

“Usoke,” alijibu mama. “Kutoka stesheni tutatembea maili nne hadi kaburi la sheikh aliyemsomesha babu yangu. Mtoto alipolazwa hospitali ya Kitete hajiwezi, niliweka nadhiri: akipona, tutakwenda kwa miguu. Alipotoka juzi nilihofu atakataa, kumbe yeye ndiye aliyeuliza tunakwenda lini.”

“Alhamdulillahi. Lakini mpandishe baiskeli, mama. Mungu hahesabu hatua.”

“Hatua ndizo nilizomwahidi, bwana. Tutapumzika njiani.”

“Mtoto ametoka hospitali juzi tu!”

Mimi nikatazama nje ya dirisha, nadhiri za watu siziingilii.

Treni ikasimama Usoke. Bwana shamba alikuwa bado anabishana juu ya baiskeli, na Tufaha alikwisharuka chini. Akamnyooshea mama yake mkono amsaidie kushuka. Bi Batuli aliushika, akacheka huku machozi yakimtoka.