Begi Nyuma ya Mlango wa Mama Wamucii

Marehemu Mary Wamucii Wahome, anayelazwa leo katika shamba lake la Cheptiret, alizaliwa tarehe 4 Juni 1961 huko Othaya, Nyeri. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Nicholas Mburu na marehemu Mama Njambi.

Alisoma shule ya msingi karibu na kwao, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka wa 1975 na kupita vizuri. Sekondari aliishia kidato cha pili, kwa sababu baba yake aliugua na ilibidi mtu abaki nyumbani na wadogo. Hakuwahi kulalamika, lakini madaftari yake aliyaweka mpaka panya wakayamaliza.

Tarehe 15 Disemba 1984 alifunga ndoa kanisani na Mzee Wahome, wakahamia Eldoret. Mungu aliwajalia Kim, Cate na Betty, kitinda mimba. Walifungua duka mtaani Munyaka na kulima mahindi Cheptiret, nje ya mji. Mama Wamucii aliamka saa kumi na moja kila siku, akauza mkate, akafunga duka, akaenda kupalilia. Waliomwona akisinzia kwenye ibada wamsamehe, alikuwa amechoka kikweli.

Januari 2008, fujo zilipozuka baada ya uchaguzi na waliotoka Nyeri wakafukuzwa, alitoka nyumbani na watoto akiwa na kandambili miguuni, bila kitambulisho, bila hata blanketi. Walikaa kwenye hema miezi saba. Jirani yao, Bwana Kibet, alimtunzia ufunguo wa duka na kumkabidhi mkononi siku aliporudi. Alimshukuru Kibet, akamshukuru Mungu, kisha akanunua begi kubwa la buluu, akalijaza na kuliweka nyuma ya mlango. Halikuondoka hapo miaka kumi na sita.

Wengi wenu mlilijua begi hilo. Kila uchaguzi ulipokaribia alilifungua, akabadilisha sukari na betri za tochi, akalifunga tena. Siku moja kwenye mafunzo ya Biblia, nyumbani kwake, Kibet alimchokoza: "Mama Kim, si umetuambia sasa hivi Mungu hulinda watu wake? Hilo begi ni la nini?"

"Mungu ananilinda mimi," akajibu. "Begi nalilinda mwenyewe."

Watu walicheka. Yeye hakucheka sana. Baadaye alimwambia Cate kwamba jibu hilo lilimnyima raha wiki nzima, kwa sababu alijua halikuwa jibu la mtu anayeamini anachokisema.

Agosti 2023 madaktari waligundua saratani ya koo. Alianza kwa kushindwa kula ugali, kisha wali, mwishowe akabaki na uji mwepesi. Mzee Wahome ndiye aliyemshikia kikombe, asubuhi na jioni, mwaka mmoja na nusu. Tuseme ukweli, familia imechoka. Tumeomba mpaka maneno yakatuishia.

Jumapili tarehe 9 Machi 2025, jamaa kutoka Othaya walikuja kumwona, wakamnong'oneza Mzee kwamba siku ikifika azikwe Nyeri, kwa watu wake, ambako hakuna wasiwasi. Koo lilikuwa gonjwa, si masikio.

"Mimi nazikwa Cheptiret," akasema. "Betty, leta hilo begi. Toa kila kitu."

Betty akatoa hati ya shamba, Biblia, tochi, kilo ya sukari, blanketi. Chini kabisa palikuwa na viatu vidogo vyeusi. Vilikuwa vya Betty mwenyewe, vya darasa la pili. Sasa ana miaka ishirini na minne na anafundisha shule moja huko Kimumu. Mama alicheka mpaka akakohoa.

"Betty, kumbe tungehama ungeenda miguu mitupu."

Mzee Wahome akauliza polepole, "Na tukilihitaji tena, Mama Kim?"

"Aliyetutunza tukiwa hatuna begi hajaacha kazi," akasema. "Sukari peleka jikoni. Blanketi nifunike. Mahali naenda, Baba Kim, hakuna mtu anahamishwa."

Alilala chini ya blanketi hilo mpaka Alhamisi tarehe 13 Machi, saa nne asubuhi, Bwana alipomwita. Tunaumia sana. Lakini tulimwona uso, na haukuwa uso wa mtu anayefukuzwa.

Amemwacha mume wake, Mzee Wahome, watoto wake Kim, Cate na Betty, wajukuu wanne, na Bwana Kibet, ambaye aliomba awe wa kwanza kubeba jeneza, nasi tukakubali.

Begi ni tupu. Mama, umefika kwako. Pumzika, usihame tena.