Kitambaa cha Ritha

Kijiwe cha Masuguru kiko ubavuni mwa duka la vipuri vya pikipiki: mabenchi mawili yanayotazamana, na birika la kahawa la Faraji katikati. Wiki ile kulikuwa na kesi moja tu, ya Bernardo, waliyemwita Kamba kwa kuwa baba yake alikata mkonge Ngombezi mpaka uzeeni. Mkewe, Grasiana, husuka vikapu vya mkonge na kuvishonea kitambaa chenye jina Ritha. Mzigo wao wa kwanza kwa mnunuzi mpya wa Uholanzi ulikuwa umezuiwa hukohuko bandarini. Waliambiwa jina lile lina mwenyewe, naye ni Mjerumani aliyewahi kununua vikapu kwao.

— Lakini Kamba, wewe si uliandikisha? Cheti nimekiona ukutani kwako.

Huyo alikuwa Sharifu, aliyeitwa Wakili tangu alipotoa ushahidi kwenye kesi ya mbuzi.

— Niliandikisha Dar, nikajua nimemaliza. Kumbe cheti kile kinalinda hapa nchini tu. Yule kaenda kwenye ofisi yao, kaandikisha mara moja, jina likawa lake kwenye umoja wao wa Ulaya mzima.

— Nchi zote?

— Zote ishirini na saba. Ndivyo alivyonieleza mwanasheria wa Tanga.

Hiza, mwenye jina la Redio, akasogeza kikombe.

— Mimi nawaambia, wale wana mtambo unameza majina. Siku utashuka uwanja wa ndege kule waseme Hiza ana mwenyewe, rudi kwenu ukatafute lingine.

— Dawa ni kulipa kisasi, — akasema Wakili. — Tuliandikishe jina la huyo Mjerumani hapa Korogwe. Akija, hana ruhusa ya kujitambulisha.

— Hapa tu? — akadakia Redio. — Na Handeni, na Kabuku. Akipita Segera akose hata jina la kukatia tiketi.

Walicheka. Bernardo naye alijaribu kucheka, akasogeza kikombe chake kwa Faraji.

— Kwa hiyo hakuna njia? — Faraji aliuliza huku akimwongezea.

— Ipo moja. Tukithibitisha kwamba alijua jina ni letu, akalichukua kwa nia mbaya, wanaweza kulifuta.

— Si alikula ugali kwako?

— Alikula.

— Basi yamekwisha.

— Wanataka ushahidi, Wakili. Tuliongea kwa mdomo. Na picha zote alipiga yeye, kwa simu yake.

Hakuwaambia lililobaki. Siku ile, baada ya kunawa, mgeni alikishika kitambaa akauliza Ritha ni nani. Bernardo alimwambia ni binti yao wa pekee, homa ilimchukua akiwa darasa la tano. Mjerumani akavua kofia, akasema pole kwa Kiswahili safi. Bernardo alimpenda kwa pole ile. Sasa kila alipoikumbuka alijuta kufungua mdomo.

Kwenye ncha ya benchi alikaa fundi cherehani aliyehamia Masuguru karibuni, Sabiri.

— Samahani wazee wangu, mimi mgeni. Mama mwenyewe anasemaje?

Wakili akamtazama Redio. Redio akatazama barabarani. Bernardo alikuwa ameuliza Tanga, ameuliza Dar, ameuliza kijiwe kizima. Aliweka kikombe chini, akaaga.

Alimkuta Grasiana uani, singa za mkonge mapajani.

— Mama Ritha, sikukuuliza. Unasemaje juu ya ule mzigo?

Grasiana alivuta singa nyingine.

— Wanataka nini kule?

— Jina litoke. Vikapu vitapita bila jina, au vitarudi.

— Vipite. Tumevihangaikia.

— Na kesi?

— Sina nguvu ya kumwambia hakimu wa Ulaya mwanangu alikuwa nani. Yule tulimwambia, na unaona.

Bernardo alikaa chini kando yake. Akachukua singa chache, akaanza kumchambulia.

— Vitambaa watavikata, — akasema Grasiana. — Wakate tu. Lakini waambie wasivitupe. Wanirudishie vyote.