Risala ya Wazazi na Wanafunzi wa Udaktari wa Nkoma Kuhusu Mtihani wa Kwenye Simu

Mgeni rasmi, Dokta Benedikta, Mkuu wa Mitihani wa chuo wanachosoma watoto wetu, Mheshimiwa Diwani, wazazi wenzangu: nawasalimu Kisukuma, mwangaluka.

Sisi wazazi na wanafunzi wa udaktari wa Nkoma tunakukaribisha. Tumesikia umekuja kuuliza kama mitihani ya mtandaoni iendelee. Risala hii ilikuwa isomwe na mwanafunzi, ila wote watatu wameogopa. Wakaniambia, "Mzee Mayala, soma wewe, huna cheti cha kunyimwa." Ni kweli. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililisoma mara mbili.

HISTORIA YETU

Korona ilipofunga vyuo, wanafunzi wetu watatu walirudi nyumbani: Mboje, Salu na binti yangu Kabula. Baadaye mkasema mtihani utafanyika kwenye simu. Mtandao kwetu unashika sehemu moja tu, ghala la ushirika, juu kabisa ya magunia ya pamba. Tukawapandisha huko. Sisi wazazi tulibaki chini kufukuza mbuzi, na kazi hiyo tuliiweza.

MAFANIKIO

Wanafunzi wanasema mwaka wa masomo haukupotea. Mboje anasema maswali ya kuchagua yalimwendea vizuri kwa sababu alifanya akiwa ameshiba, jambo ambalo chuoni halijawahi kumtokea. Mbuzi hakuingia hata mmoja.

CHANGAMOTO

Salu anasema muda ulikuwa unahesabu huku swali halijafunguka. Mtandao ulipokata akaandikiwa amekimbia mtihani. Akimbie aende wapi, yuko juu ya pamba? Na wote wanasema kazi ya mikono haipimiki kwenye simu.

Hapo ndipo ninapoingia mimi. Kabula alitakiwa apime mtu tumbo huku mnamwangalia. Mama yake angefaa, lakini alishafariki, kwenye zahanati yenye bati jipya na rangi mpya, daktari hakuna. Hilo nawalaumu wakubwa, na hata baada ya soda ya leo nitaendelea kuwalaumu.

Basi mgonjwa nikawa mimi. Nikalala juu ya magunia, shati juu, na wewe mgeni rasmi ukiwa ndani ya simu, picha inakatakata. Kabula akabonyeza chini kulia, akauliza, "Baba, hapa panauma?"

Mwanaume mzima, mbele ya mama nisiyemjua. Nikasema, "Hapana. Sijambo kabisa."

Akaniambia nikohoe. Nikakohoa kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa mkwewe. Akakugeukia, akasema, "Mwalimu, huyu mzee anaficha. Ana ngiri."

Ukamjibu aandike alichosema mgonjwa, si anachodhani yeye. Akakataa, mkampa sifuri. Alishuka, akanisongea ugali kama siku zote, hakunilaumu hata neno moja.

Miezi mitatu baadaye nilipasuliwa ngiri Bariadi, upande uleule. Majirani niliwaambia nimekwenda kuuza ng'ombe. Wanisamehe, ng'ombe wote wapo.

MAOMBI

Kwanza, gonjwa likirudi, maswali ya kuandika yabaki kwenye simu, ila mtandao ukikata na saa isimame.

Pili, kupima mgonjwa kufanyike ana kwa ana. Mkikosa mahali, njooni kwenye zahanati yetu. Vitanda vipo, vinasubiri mtu.

Tatu, rufaa aliyokata Kabula kwa ile sifuri mnaiamua Ijumaa, na mkiikataa anaondolewa chuoni. Nimeambiwa haina maelezo ya mgonjwa. Nimekaa na maelezo hayo mwaka mzima nikilaumu chuo, serikali na hata kampuni ya simu. Kumbe aliyemfelisha mtoto alikuwa amelala pale pale, akitabasamu.

Mgeni rasmi, karatasi ya hospitali hii hapa, na mgonjwa huyu hapa. Palikuwa panauma. Naomba iandikwe.

Mungu akufikishe nyumbani salama, na aupe mkono wako wepesi wa kufuta palipokosewa.

Ni sisi, Wazazi na Wanafunzi wa Udaktari, Nkoma.

Imesomwa na Mayala Ndaki, mgonjwa.