Mwokaji Aliyeonja Mkate Wake: Dolina MacAskill, 1941–2024

Ndugu na majirani wa Ness, kanisani kwetu marehemu hasifiwi, huimbwa zaburi tu, kisha jeneza huondoka, ndiyo maana familia imenituma mimi Ruairidh, mtoto wa kaka yake, mpishi wa meli niliyezijua bandari nyingi kuliko mahubiri, nisome historia hii hapa ukumbini, mkiwa na chai mkononi na hamwezi kunikimbia.

Shangazi Dolina alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapahapa Ness, kaskazini mwa kisiwa chetu cha Lewis, Uskoti, wa tatu kati ya watoto watano, akasoma shule ya kijiji kuanzia 1946 hadi 1956, kisha akafuma vitambaa vya sufu nyumbani hadi mgongo ulipokataa. Tarehe 17 Julai 1963 alifunga ndoa na Torquil MacAskill, aliyemtangulia mwaka 2009, wakajaliwa Chirsty na Alasdair, ambao wananikonyeza nisiseme mengi.

Alifundisha shule ya Jumapili miaka arobaini, na tangu 1985 ndiye aliyeoka mkate wa meza ya Bwana, mara mbili kila mwaka, lakini hakuwahi kuuonja, maana kama wengi wetu aliamini kwamba mwenye haki ni mtu asiye na doa, na ulimi wake mnaufahamu. Kila msimu wa meza hiyo mzee wa kanisa Finlay Macritchie alimuuliza, “Dada Dolina, utakula lini?” naye akajibu, “Nikistahili,” mzee akasema, “Basi utakula na malaika, nao hawana njaa.”

Mei 2023 moyo ulianza kumsumbua, nasi tuliogopa kuliko ugonjwa wenyewe kwamba angeondoka akijiona mgeni mlangoni. Macho nayo yalififia, nikawa namsomea Biblia, na Septemba nilifikia habari ya Mfarisayo aliyejisifu hekaluni na mtoza ushuru aliyeomba rehema, nikaishia pale mtoza ushuru anapojipiga kifua, kwani ndipo yeye alipozoea kufunga kitabu darasani.

“Endelea, mvivu wewe.”

Nikasoma kwamba mtu yule alishuka nyumbani kwake amehesabiwa haki.

“Kumbe alikwenda nyumbani,” akasema, kana kwamba mstari ule alioukariri utotoni umeandikwa asubuhi ile.

“Ndivyo ilivyo, shangazi.”

“Na mimi miaka sitini niko kiti cha nyuma najipiga kifua, namchungulia Mfarisayo nisifanane naye, kumbe tumekaa benchi moja, sote tukihesabu usafi wetu! Mwite Finlay.”

Jumapili tarehe 8 Oktoba 2023 alitembea hadi mezani, ameshikwa mkono na Chirsty, akapokea mkate aliouoka mwenyewe, akatafuna taratibu, na kanisa zima likamsikia: “Chumvi imepungua.” Sikuwa nimewahi kuona wazee wa kanisa wakicheka na kulia kwa pamoja, nami nilijificha nyuma ya kitabu cha zaburi nilichokishika kichwa chini.

Tangu siku hiyo alilala usingizi mzuri, na tarehe 21 Februari 2024, saa kumi na moja alfajiri, alifariki kitandani kwake. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mlioleta supu mpaka sufuria zikatuishia, na wafumaji wenzake mliobeba jeneza.

Shangazi, umekwisha kula, sasa shuka nyumbani, upumzike kwa amani.